Kisiwa Kilichozama Mchana

Swali: Dada yangu alitoka hapa kambini akahamia Norway. Anasema wavuvi wa huko husimulia kisiwa kisichoonekana. Kina maana gani? (Msomaji, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka)

Jibu: Mwanangu, hicho ni Utrøst, kisiwa cha mashamba ya shayiri nje ya Lofoten. Humtokea mvuvi anayekaribia kuzama. Ni tumaini la watu ambao bahari iliwameza wenzao bila kurudisha hata maiti. Kisiwa cha Gotland cha Uswidi nacho, kwa masimulizi ya kale, kilikuwa kikizama mchana na kuibuka usiku mpaka mtu aitwaye Thielvar alipofikisha moto. Naipenda sana hadithi hiyo. Kila aliyewasha jiko lake la kwanza Dzaleka ataielewa.

Lakini kisiwa hutisha pia. Kisiwa cha Blå Jungfrun, huko Uswidi, kilidhaniwa kuwa mahali pa kukutania wachawi. Hapa Malawi, kisiwani Likoma, Chipyela palikuwa mahali pa kuwachomea walioshukiwa uchawi. Mahali hapo hapo Waanglikana walianza kujenga kanisa kuu mwaka 1903. Na Uganda, katika Ziwa Bunyonyi, Wakiga waliwatelekeza kwenye kisiwa cha Akampene wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa. Mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari aliweza kwenda kwa mtumbwi akamchukua mmoja, akamwoa.