Kifaa Ulichonunua Kikipunguzwa Uwezo: Haki Zako na Pa Kuanzia Kudai

Tangu tarehe 25 Juni 2024, mtu anayenunua kitochi chenye mfumo wa KaiOS hawezi tena kufungua akaunti mpya ya WhatsApp ndani yake. Waliokuwa nayo tayari waliachiwa hadi mwanzoni mwa 2025, kisha nao wakafungiwa. Simu haijaharibika. Betri inakaa, tochi inawaka, vitufe vinabonyezeka. Imeondoka huduma moja tu, na kwa wengi ndiyo iliyowafanya wachague kitochi hicho badala ya kile cha bei ya chini zaidi kilichokuwa kando yake kwenye kabati la duka.

Kwa kaya ya Ngujini, milimani Upareni, hiyo ni hasara ya kweli. Taarifa ya msiba, mchango wa harusi, kikao cha kikoba, ujumbe wa mwalimu kwa wazazi, picha ya mjukuu aliyezaliwa Dar es Salaam: mambo haya yamehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na asiyekuwa humo hupata habari kwa kuambiwa njiani. Aliyeuza mikungu ya ndizi akashuka Mwanga mjini kununua simu hiyo alikuwa ananunua nafasi ya kuwa pamoja na watu wake. Nafasi hiyo ilipoondolewa, hakuna aliyempigia kumuuliza.

Wapare wenye kumbukumbu ya ndiva, bwawa la kienyeji la kumwagilia mashamba, wanaweza kulielewa jambo hili upesi. Shamba laweza kuwa lako, na mipaka yake inajulikana na majirani wote, lakini anayeshika mlango wa ndiva ndiye anayeamua kama leo maji yatafika kwako. Simu, runinga janja, kisimbuzi na taa ya sola ya kulipia kidogo kidogo vyote vina mlango wa namna hiyo, na anayeushika yuko mbali. Kwa hiyo, kabla ya kulalamika, jiulize: nani amekata? Jibu ndilo litakaloonyesha pa kwenda, na wengi hupoteza nauli na muda kwa sababu wamekwenda kumdai asiyehusika.

Kwa mfano, mwezi Agosti 2018 watazamaji wengi nchini waliwasha runinga wakakuta ITV, Star TV na Channel Ten hazipo kwenye visimbuzi vyao vya dishi. Ilikuwa rahisi kuwalaumu mafundi na mawakala wa mitaani. Ukweli ni kwamba Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizibana Azam, DStv na Zuku kwa kurusha chaneli za ndani za bure wakati leseni zao zilikuwa za matangazo ya kulipia kwa satelaiti. Chaneli hizo zilitakiwa kupatikana kwenye visimbuzi vya antena, yaani StarTimes, Ting na Continental, ambavyo kwa mujibu wa leseni zao vilipaswa kuzionyesha bila malipo hata kifurushi kikiisha.

Kwenye makaratasi mpangilio huo ulikuwa na mantiki. Milimani ulikuwa na tatizo. Mawimbi ya antena husafiri kwa mstari, na mgongo wa mlima huyazuia. Nyumba iliyo kwenye bonde nyuma ya mgongo inaweza isipate kitu hata antena ikifungwa juu ya mti. Ndiyo maana watu wa milimani hununua dishi, kwa kuwa dishi linatazama angani. Mtu wa Moshi mjini aliyepoteza chaneli aliweza kununua kisimbuzi kingine, kwa gharama yake, akaendelea. Wa bondeni Upareni hakuwa na njia hiyo. Naamini hoja ya namna hii, ya mahali na umbo la ardhi, inapaswa kuandikwa waziwazi katika malalamiko yanayopelekwa kwa mamlaka, kwa sababu anayepanga leseni akiwa Dar es Salaam haioni milima hiyo dirishani kwake. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha, na kuna chombo mahususi cha kuwasemea wateja, Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalojulikana kama TCRA CCC.

Pale aliyekata ni mtengenezaji au mwenye programu, hoja inabadilika, na hapo sheria ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ina asili ya enzi za Mwingereza, lakini misingi yake inafaa simu ya leo. Bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Kama ulimweleza muuzaji unataka kifaa cha kazi gani, ukategemea ujuzi wake, kifaa kinapaswa kuifaa kazi hiyo. Na kuna msingi wa tatu ambao hautajwi sana: aliyenunua mali ana haki ya kuimiliki na kuitumia kwa utulivu, bila kuingiliwa na aliyemuuzia.

Huo wa tatu ndio unaogusa moja kwa moja kufunga au kuondoa uwezo wa kifaa kutoka mbali. Nchini Uingereza, zaidi ya miaka 20 iliyopita, kampuni ya Rubicon iliiuzia United Paints mfumo wa kompyuta. Ulipozuka mgogoro wa malipo, muuzaji aliweka ndani ya mfumo kufuli la muda lililomzuia mteja kuutumia. Mahakama ya Rufaa ilisema kitendo hicho kilivunja haki ya mnunuzi ya kutumia mali yake kwa utulivu. Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wetu, lakini huwashawishi, hasa pale sheria yetu na yao zimetoka kwenye shina moja.

Sheria nyingine ni ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na inakataza kumpa mlaji maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Rudi sasa kwenye kitochi. Ukinunua kitochi kipya cha KaiOS baada ya 25 Juni 2024, na boksi lake bado lina alama ya WhatsApp, umeuziwa maelezo ambayo siku hiyo hayakuwa ya kweli. Muuzaji hawezi kujitetea kwamba WhatsApp ni ya Wamarekani. Alama ilikuwa kwenye boksi lake, dukani kwake, na fedha aliipokea yeye. Hilo ni dai zuri kabisa. Aliyenunua miaka kadhaa kabla, akaitumia, kisha huduma ikakoma, ana dai gumu zaidi, na sitamdanganya: mwenye programu alitangaza mapema, na masharti yake humruhusu kuacha kuhudumia mifumo ya zamani. Nokia za S40 zilikatwa hivyohivyo mwisho wa 2018. Kwake la haraka zaidi ni kuokoa namba za simu na ujumbe muhimu kabla tarehe iliyotangazwa haijafika.

Nje ya nchi wanunuzi wamewahi kushinda, au angalau kulipwa. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa apdeti ya mashine ya michezo ya PlayStation 3 iliyoondoa uwezo wa kuweka mfumo mwingine wa kompyuta kwenye mashine hiyo, uwezo ambao kampuni yenyewe ilikuwa imeutangaza. Aliyekataa apdeti alifungiwa michezo ya mtandaoni. Aliyeikubali alipoteza alichonunua. Kesi ilichukua miaka, na mwisho Sony ikakubali kulipa. Nchini Ufaransa, Februari 2020, Apple ilikubali kulipa faini ya euro milioni 25 kwa sababu haikuwaambia wateja kwamba apdeti za iPhone zingeweza kupunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka. Angalia kosa lilikuwa nini: kukaa kimya. Mteja alistahili kujua kabla ya kubonyeza "kubali".

Basi ulinzi wako unaanzia dukani, na ni wa bei rahisi kuliko kesi. Usisome boksi tu. Mwambie muuzaji: "Kaka, hii WhatsApp iliyoandikwa hapa, nifungulie hapahapa kwa laini yangu kabla sijalipa." Duka la haki halitakasirika. Dai risiti ya mashine yenye jina la duka, tarehe na aina ya kifaa, siyo kikaratasi kilichoandikwa "simu 1". Lipige picha boksi pande zote, maana boksi ndilo ahadi, na maboksi mengi huishia kuwashia moto jikoni. Hifadhi pia kadi ya waranti na SMS ya malipo kama umelipa kwa simu.

Kuhusu apdeti, sishauri kuzikataa zote. Nyingi huziba mianya ambayo wezi hupitia kufikia fedha zako za simu. Lakini ikija apdeti kubwa, soma inachosema, au mwombe kijana anayejua Kiingereza akusomee. Ikiondoa kitu, piga picha skrini kabla na baada.

Ukishakatwa, anza na aliyekuuzia, kwa maandishi. Barua haihitaji maneno ya kisheria. Andika hivi: "Tarehe fulani nilinunua kwenu simu ya aina hii, yenye namba hii ya utambulisho (IMEI), kwa shilingi kadhaa. Boksi lilieleza kuwa ina huduma hii. Nilipoiwasha niligundua huduma hiyo haipo. Naomba mnibadilishie au mnirejeshee fedha ndani ya siku 14." Baki na nakala, na mwombe anayepokea aweke sahihi na tarehe kwenye nakala yako. Ukikutana na lile tangazo la ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi", usirudi nyuma. Tangazo hilo halifuti haki ya mtu aliyeuziwa kisicholingana na maelezo.

Asipojibu, peleka nakala hizo FCC kwa bidhaa, au TCRA kwa huduma ya mawasiliano na utangazaji, lakini TCRA itakuuliza kwanza kama umeshalalamika kwa mtoa huduma. Kwa fedha ya simu moja au kisimbuzi kimoja, Mahakama ya Mwanzo nayo ni mlango halali. Inaendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kujisemea mwenyewe. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kukusaidia kuandika barua na kupanga vielelezo bila malipo. Mkiwa watu kadhaa kijijini mlionunua kifaa kilekile dukani kulekule, andikeni pamoja. Lalamiko la kaya nyingi ni vigumu kulipuuza.

Simu na sola za mkopo ni jambo tofauti. Hapo kufuli limo ndani ya mkataba uliosaini, na ukichelewesha malipo mkopeshaji anaweza kufunga. Haki yako ya kwanza ni kuelezwa hilo kwa lugha unayoielewa kabla ya kusaini. Ya pili ni kwamba siku ya malipo ya mwisho kufuli liondolewe kabisa. Usiridhike na kuambiwa "umemaliza". Omba ujumbe au barua inayothibitisha kuwa deni limekwisha na kifaa kimefunguliwa, kisha kijaribu mbele ya wakala.

Na kuna waliokatiwa kwa sababu simu yenyewe ilikuwa bandia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchini, na waliolipa fedha halali wakabaki na kifaa kisichoshika mtandao. Kabla ya kununua, bonyeza *#06#, kisha tuma namba ya IMEI itakayotokea kwenda 15090. Majibu yatakuonyesha jina na aina ya simu. Yakitofautiana na simu uliyoshika, mrudishie mwenyewe. Kama ulishanunua, wa kudaiwa ni aliyekuuzia. Fundi akikwambia atakubadilishia IMEI ili simu irudi hewani, kataa, kwa kuwa kubadili namba hiyo ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na simu iliyochezewa hivyo itakunyima hata ushahidi uliokuwa nao dhidi ya muuzaji.