Muuguzi, Jiandae kwa Ujerumani Ukiwa Bado Nyumbani

Umefaulu Kijerumani cha B2, mkataba umeutia saini, viza iko njiani. Hongera! Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024, na wauguzi wengi sasa wanaitazama njia hiyo. Lakini cheti cha lugha hakikufundishi kuishi na watu wodini. Hilo lifanyie mazoezi sasa, kabla hujafunga sanduku.

Ijue kazi yenyewe. Kwetu, mara nyingi ndugu ndio humlisha mgonjwa na kumsaidia kuoga. Ujerumani, hiyo ni kazi ya muuguzi, hata awe na digrii. Na mpaka vyeti vyako vitambuliwe rasmi, utafanya kazi kama msaidizi. Hujashushwa hadhi, ndivyo mfumo ulivyo. Mwombe mwajiri akueleze zamu ya kawaida ilivyo, tangu kuingia hadi kutoka.

Usiitikie kwa adabu tu. Ukisema "ja" na hujaelewa, mgonjwa anaweza kupewa dawa isiyo yake. Kariri sentensi hii: "Können Sie das bitte wiederholen?" Ukishaambiwa tena, rudia agizo kwa maneno yako mwenyewe ili mwenzako ahakikishe.

Mtazame mtu usoni. Umelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Huko wataona unaficha jambo au hujiamini. Anza leo na mwalimu wako wa lugha.

Pokea kosa bila kununa. Mwenzako atakuambia wazi kwamba umekosea, bila kuzunguka, kisha mtakunywa kahawa pamoja. Anazungumzia kazi, si wewe. Mwombe rafiki akukosoe hivyo hivyo, nawe ujibu: "Asante, nitarekebisha."

Heshimu majina. Tumia "Herr" au "Frau" na jina la ukoo, pamoja na "Sie". Ngoja ukaribishwe kwenye "du". Usimwite mgonjwa mzee babu au bibi, hata kwa upendo. Wengi huona wamevunjiwa heshima.

Saa ni saa. Zamu ikianza saa kumi na mbili asubuhi, wakati huo uwe umeshavaa sare, uko tayari kupokea taarifa za wagonjwa. Rosta huandikwa kwa saa 24, hivyo 14:00 ni saa nane mchana. Badilisha saa ya simu yako leo uzoee. Siku ukiugua, piga simu kabla zamu haijaanza.

Jifunze maisha ya mtaani. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, punguza sauti. Taka hutenganishwa: karatasi pipa lake, mabaki ya chakula pipa lake. Ukihamia kwenye nyumba, kajiandikishe kwa mamlaka ya mji ndani ya wiki mbili.

Kaa na familia kuhusu pesa. Kodi na bima za lazima hukatwa kabla mshahara haujakufikia. Waonyeshe wazazi na ndugu kiasi kitakachobaki mkononi, toa kodi ya nyumba na chakula, kisha mkubaliane utatuma nini. Yazungumzeni sasa, ana kwa ana. Kwa simu ukiwa umechoka baada ya zamu ya usiku, maneno huumiza.

Jipangie watu. Mjini Berlin, jua la Desemba huzama karibu saa kumi jioni. Wenzako wakimaliza kazi, kila mtu hushika njia yake, na si kwamba wanakuchukia. Usingoje upweke ukukute. Kabla ya kusafiri, tafuta kwaya, kanisa, msikiti au klabu ya michezo katika mji unaokwenda, uwaandikie.

Wiki hii fanya mawili. Mwandikie mwajiri kuhusu zamu. Kisha mtafute muuguzi wa kwetu aliyeko huko, umuulize kilichomshinda miezi ya mwanzo na alivyokivuka. Andika majibu yake, na kila siku fanyia mazoezi jambo moja. Ujuzi wa kuuguza unao tayari. Mazoezi haya yatawasaidia wenzako wauone tangu wiki ya kwanza.