Pua ya Pwani, Mvinyo wa California: Namna ya Kuonja na Kuhudumia

Mwongozo huu nimewaandikia vijana wa Quiterajo na vijiji vya karibu na mlango wa mto Messalo. Vita vilivyoanza Cabo Delgado, Msumbiji, Oktoba 2017 viliwahamisha wengi wao, na mwaka 2020 mashua zilikuwa zikishusha familia nzima nzima katika ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba. Mvuvi aliyeacha chombo na nyavu nyuma hutafuta kazi ya mji, na kazi mojawapo mjini Pemba ni kuhudumu hotelini. Hapo chupa ya mvinyo huwekwa mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kuulizwa mvinyo unanukaje, na mgeni yuko mezani anasubiri jibu.

Mvinyo mwingi unaouzwa Msumbiji hutoka Ureno na Afrika Kusini. Hata hivyo nimeuchagua wa California kwa kufundishia. Chupa ya Ureno mara nyingi hutaja eneo tu, na ndani yake zimechanganywa zabibu za aina kadhaa. Ya California kwa kawaida hutaja aina ya zabibu kwa herufi kubwa. Tena jua la kule huziivisha zabibu sana, kwa hiyo harufu na ladha hujitokeza waziwazi. Ukishaujua huo, mwingine utaufuata kwa urahisi. Msomaji aliyeko Tanzania anaweza kufanya mazoezi haya haya kwa mvinyo wa Dodoma, mwekundu wa Makutupora na mweupe wa Chenin Blanc.

Watu wengi wa pwani yetu ni Waislamu, na wapo wasiotaka hata kuishika chupa. Uamuzi huo ni wa mtu na Mola wake, na mwajiri mwenye adabu huuheshimu. Aliyekubali kuhudumu bila kunywa, ajue kwamba macho na pua hufanya sehemu kubwa ya kazi. Hatua za mdomoni amwachie mwenzake, naye asikilize anachosema.

Kabla ya chupa, ifundishe pua

Miaka ya 1980, Ann C. Noble wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis alitengeneza gurudumu la harufu za mvinyo: duara lenye majina ya jumla katikati na majina mahususi pembezoni. Ni kazi nzuri, ila matunda mengi yaliyomo ni ya nchi za baridi. Aliyekulia Quiterajo akiyakariri atakuwa anataja vitu ambavyo hajawahi kuvila, na mgeni ataligundua hilo upesi. Pua yako tayari imejaa harufu za kwenu, zitumie hizo.

Nenda sokoni ukusanye ndimu, pasheni, pera, embe bichi na embe bivu, nanasi, zambarau, ukwaju, bibo la mkorosho, karafuu, pilipili manga, nazi iliyokunwa, samli, asali, majani ya mkaratusi, tumbaku na kipande cha ngozi. Ongeza gunia lililolowa, sababu utaiona mbele. Weka kila kimoja kwenye kikombe, fumba macho, mwenzako akunusishe kimoja kimoja. Rudia siku baada ya siku mpaka jina lije lenyewe. Zoezi hili lina manufaa kuliko yote yaliyomo humu, na halihitaji hata chupa moja.

Hatua ya kwanza: soma lebo

Sheria ya Marekani inataka chupa inayotaja aina moja ya zabibu iwe na angalau asilimia 75 ya zabibu hiyo. Ikitaja eneo rasmi la mizabibu, kama Napa Valley, asilimia 85 ya zabibu lazima ziwe za humo. Ikiandikwa California tu, zabibu zote ziwe za jimbo hilo. Napa Valley ilipata hadhi hiyo mwaka 1981, ya kwanza katika jimbo zima. Neno Reserve halina uzito wowote kisheria kule, hivyo usimsifie mgeni chupa kwa sababu ya neno hilo.

Majina ya kukumbuka si mengi. Kwa mweupe ni Chardonnay na Sauvignon Blanc. Huu wa pili mtengeneza mvinyo Robert Mondavi aliuuza kwa jina la Fumé Blanc miaka ya 1960, na wengine wakamfuata. Kwa mwekundu ni Cabernet Sauvignon, Zinfandel, Merlot na Pinot Noir. Kuna mtego mmoja: White Zinfandel. Jina linasema mweupe, lakini mvinyo wenyewe ni wa rangi ya waridi na una utamu wa sukari. Mgeni akiuagiza, mwoneshe chupa kabla ya kuifungua.

Hatua ya pili: poza, hata mwekundu

Vitabu husema mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba kinachosemwa ni cha Ulaya, si cha Pemba mwezi Desemba. Mwekundu unapendeza kati ya nyuzi 15 na 18. Ukiachwa kwenye nyuzi 30 pombe hupanda puani na kufunika harufu nyingine zote. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuuhudumia. Mweupe ni nyuzi 8 hadi 12, na Chardonnay mzito usizidi kupozwa kwa sababu baridi kali huficha harufu. Friji isipokuwepo, tia chupa kwenye ndoo ya barafu, maji na chumvi kwa dakika 15 hadi 20. Barafu iliyolalia samaki usiitumie kamwe, maana shombo itahamia kwenye chupa, kutoka chupani hadi mkononi mwako, na kutoka mkononi hadi kwenye glasi.

Glasi nayo uinuse ikiwa tupu. Ikinuka sabuni au kitambaa, isuuze kwa maji safi uiache ikauke.

Hatua ya tatu: tazama

Mimina kidogo, kama mililita 50. Chupa ya mililita 750 itatosha waonjaji 15. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe. Juisi ya zabibu nyingi, hata nyeusi, haina rangi. Wekundu hutoka kwenye maganda yanapolowekwa pamoja na juisi. Kwa hiyo Cabernet, yenye maganda manene, huwa nyeusi katikati, wakati Pinot Noir huweza kupitisha mwanga. Mweupe ukikaa miaka hukolea kuelekea dhahabu. Mwekundu hupauka pembeni na kuingia rangi ya kahawia. Mweupe mchanga ulio na rangi ya kahawia umeingiwa na hewa. Uweke kando.

Hatua ya nne: nusa

Hapa usiwe na haraka. Nusa kwanza bila kutikisa glasi. Kisha ishike shina, uizungushe juu ya meza ili mvinyo upande kutani mwa glasi, unuse tena kwa pumzi fupi fupi. Pumzi ndefu moja huichosha pua.

Jambo la kwanza la kutafuta ni ubovu. Ikija harufu ya gunia lililolowa au karatasi ngumu iliyovunda, kizibo kimeuharibu mvinyo, na chupa hiyo haifai kupelekwa mezani hata kama mgeni hajui. Ikija harufu ya siki, basi mvinyo umeanza kuchachuka kama tembo la mnazi lililolala, nalo kila mtu wa pwani analifahamu.

Mvinyo ukiwa mzima, tafuta matunda. Sauvignon Blanc hutoa pasheni, pera, ndimu, na nyuma yake majani mabichi au pilipili hoho. Chardonnay ya sehemu za baridi ina ndimu na tufaha bichi. Ya sehemu za joto ina nanasi na embe. Cabernet ina zambarau iliyoiva, tumbaku, na zile za Napa zilizopandwa karibu na mikaratusi huweza kubeba harufu ya majani yake. Zinfandel ni jamu ya matunda na pilipili manga. Katika kichala kimoja cha Zinfandel hukutwa punje mbichi pamoja na zilizokwisha kusinyaa kwa utamu, na sukari hiyo nyingi ndiyo inayoufikisha mvinyo wake asilimia 15 ya pombe mara kwa mara.

Kisha tafuta harufu zisizo za tunda. Chardonnay nyingi za California huachwa zichachuke mara ya pili kwa bakteria, ambao hugeuza asidi kali ya tufaha kuwa asidi laini ya maziwa, na humo huzaliwa harufu ya samli. Pipa la mwaloni huleta vanila, karafuu na moshi. Na mwaloni wa Marekani, kuliko ule wa Ufaransa, huleta harufu ya nazi. Kuna kemikali ndani ya mbao hiyo inayonuka nazi hasa. Kijana aliyekuna nazi tangu utotoni ataikamata mara moja, pengine kabla ya mgeni aliyelipia chupa. Ridge Vineyards, walio kusini ya San Francisco, ni maarufu kwa kutumia mwaloni huo katika mvinyo wao wa Monte Bello.

Hatua ya tano: onja, uteme

Chukua funda dogo, lisukutue mdomoni hadi kwenye fizi, vuta hewa kidogo juu yake, kisha teme kwenye chombo. Waonjaji wa kazi hutema, aibu haipo. Ukimeza kila funda, chupa ya nne utaihukumu kwa ulimi uliolewa.

Uliza mdomo wako mambo manne. Je, mate yanatiririka pembeni mwa ulimi? Huo ni uchachu. Je, kuna utamu wa sukari, au ni harufu ya tunda bivu tu inayoudanganya ulimi? Ziba pua uonje tena, utajua. Je, fizi zimekauka? Huo ni ukakasi, ule ule wa bibo na wa ndizi mbichi, nao hutoka kwenye maganda na mbegu, ndiyo maana mweupe huwa nao kidogo sana. Je, koo linawaka? Hiyo ni pombe. Ukishameza au kutema, hesabu ladha inakaa kiasi gani. Mvinyo mzuri haukimbii mdomoni.

Utashangaa kukuta uchachu mzuri katika nchi ya jua kali namna ile. Sababu ni bahari. Maji ya pwani ya California ni baridi, si kama ya Quiterajo, na ukungu wake huingia kupitia mlango wa bahari wa Golden Gate hadi mabonde ya Napa na Sonoma, ukazipoza zabibu usiku. Dodoma haina ukungu huo; ina mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, na mzabibu wake usiolala kwa baridi hupogolewa ukazaa mara mbili kwa mwaka.

Hatua ya sita: ficha jina

Zifunike chupa kwa karatasi, zipewe namba, uonje bila kujua bei. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier aliwaonjesha hivyo waamuzi tisa wa Kifaransa mjini Paris. Chardonnay ya Chateau Montelena na Cabernet ya Stag's Leap Wine Cellars, zote za mavuno ya 1973, zilishika nafasi ya kwanza mbele ya mivinyo mashuhuri ya Burgundy na Bordeaux. Mwamuzi mmoja alionja mvinyo wa Napa akafurahi kuwa amerudi Ufaransa. Ikiwa hao walikosea, usiogope kusema unachokinusa.

Hatua ya saba: mezani

Kwa samaki wa kuchoma na ndimu, peleka Sauvignon Blanc. Kwa kamba wa nazi au matapa ya majani ya muhogo, Chardonnay yenye samli. Mbuzi wa kuchoma huelewana na Zinfandel, ila pilipili isiwe nyingi, kwani pombe huzidisha mwako wake. Cabernet iende na nyama ya ng'ombe, maana mafuta na protini hulainisha ukakasi. Usiipeleke kwa samaki wa mafuta kama jodari: madini ya chuma yaliyomo ndani ya mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki, ikatoka ladha ya shombo.

Mimina mililita 150 kwa glasi, watu watano kwa chupa. Kinachobaki kizibe, kiweke kwenye friji, mweupe na mwekundu pia, na andika tarehe ya kufungua. Siku ya tatu unuse kabla ya kumpa mtu. Ukigeuka siki, mpelekee mpishi.