SOMO: KUFUNGA SANDUKU LA SAFARI



Kila mwaka wengi wetu husafiri. Wengine huenda likizo makwao, wengine hutumwa na chama kwenye semina katika nchi jirani. Somo la leo ni kufunga sanduku. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini mjumbe anayefika mkutanoni bila karatasi za wenzake, au anayezuiwa mpakani kwa kukosa cheti, hupoteza nauli ya chama na sauti ya wote waliomtuma.

Kanuni yetu ni hii: sanduku lililofungwa vizuri ni lile ambalo mwenyewe anaweza kulinyanyua peke yake, na anaweza kueleza kila kilichomo ndani yake.

1. Kuchagua

Kwanza tutandike mkeka na kupanga juu yake vitu vyote tunavyotaka kuchukua. Kwa kila kimoja tujiulize: nitakitumia siku gani? Kisicho na siku yake kibaki nyumbani. Kwa semina ya wiki moja, nguo za siku tatu au nne zatosha, kwa kuwa nguo hufuliwa. Viatu vizito na koti tuvivae njiani. Vitakavyobaki tuviandike kwenye orodha, nayo itatusaidia tena siku ya kurudi.

2. Kupanga

Vitu vizito vikae chini, upande ambao sanduku husimamia, ili visiponde vingine. Soksi zijazwe ndani ya viatu. Mashati na suruali tuzikunje kwa kuviringisha kama mkeka: hazichukui nafasi kubwa, na kila moja huonekana bila kufumua nyingine. Vitu vidogo vijaze pembe. Mafuta na sabuni ya maji vifungwe vizuri na kuzungushiwa taulo. Nguo za kulalia ziwe juu kabisa, maana ndizo zitakazotakiwa kwanza.

Viatu tuvifunge kwa kitambaa au kanga kuukuu, si kwa mfuko wa plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019.

3. Karatasi na dawa

Hivi visiwekwe sandukuni. Tuchukue mfano wa mjumbe anayetoka mashamba ya chai ya Fort Portal kwenda semina Mwanza. Sanduku lake litakaa ndani ya buti ya basi, asikoliona, hadi mpaka wa Mutukula na kuendelea. Basi pasipoti, kadi ya chanjo, tiketi, fedha, simu, dawa anazotumia, na nakala ya mkataba wa hali bora aliyopewa na tawi lake, vyote viwe katika mkoba mdogo usiotoka mwilini. Sandukuni aweke nakala za vyeti tu.

Tukumbuke mambo mawili. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa; anayekwenda kwingine aulize mapema hati inayotakiwa. Pili, tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti cha chanjo ya homa ya manjano hufaa kwa maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Tusitupe kadi zetu za zamani.

4. Mzigo na mgongo

Sanduku halijinyanyui. Hunyanyuliwa na hamali wa stendi, utingo wa basi, au mpakizi wa uwanja wa ndege, nao ni wafanyakazi kama sisi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Pendekezo Namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka uzito anaobebeshwa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na wa wanawake uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Mashirika mengi ya ndege hayapokei sanduku moja linalozidi kilo 32, ili kulinda migongo ya wapakizi.

Sisi tunaodai magunia mepesi kiwandani na shambani tusimtwike hamali sanduku ambalo sisi wenyewe hatuwezi kuliinua. Likizidi, tuligawe mawili, au tupunguze.

5. Mzigo wa mtu mwingine

Kabla ya basi kuondoka, huenda mtu akatuomba tumfikishie kifurushi. Kama hatukukifungua na kukiona, tusikipokee. Mbele ya ofisa wa forodha, mwenye sanduku ndiye anayejibu. Tukatae kwa adabu, lakini tukatae.

Maswali ya kujadiliana tawini

(a) Mjumbe wetu akisafiri kesho, ni karatasi zipi za tawi anazopaswa kuwa nazo, na nani atamwandalia?

(b) Gunia au kikapu kizito kuliko vyote mahali petu pa kazi kina kilo ngapi? Nani amekipima?

(c) Tunawezaje kushirikiana na mahamali na matingo wa stendi yetu katika suala la uzito wa mizigo?