Dondoo muhimu: Pa kucheza pikoboli hata ukija peke yako

Pikoboli (pickleball), mchezo wa vibao na mpira, ilianzia Kisiwa cha Bainbridge, jirani na Seattle, mwaka 1965. Leo miji mingi ya Marekani ina vipindi ambavyo mtu huingia tu na kucheza, bila klabu wala mwenza. Anza na idara ya bustani na michezo ya jiji lako: soma ratiba ya kituo cha jamii, kisha piga simu kabla hujatoka nyumbani, maana ukumbi huohuo wa kituo huchezewa pia mpira wa kikapu na saa hubadilika. Uliza ada, uliza kiwango cha wachezaji, uliza kama wana vibao vya kuazima.

Ukifika, tazama kando ya uwanja. Mara nyingi vibao vilivyopangwa kwa mstari ndiyo foleni yenyewe. Weka chako mwisho. Kwa kawaida hucheza watu wanne, hadi pointi 11 kwa tofauti ya mbili, kwa hiyo zamu haikawii. Ndani ya ukumbi, vaa viatu visivyoacha alama sakafuni.

Ndiyo mara yako ya kwanza? Sema mapema, ukiwa bado kwenye foleni. Wazoefu wengi hufurahi kumwelekeza mgeni.