Upana wa Nuru na Uchunguzi wa Neva ya Jicho

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, huharibu neva ya jicho polepole na aghalabu bila maumivu. Mkazi wa Mkolani anayefika kliniki kwa sababu ameanza kujikwaa njiani huenda tayari amepoteza sehemu kubwa ya uoni wa pembeni, na uoni huo haurudi. Je, tabibu atautambuaje upungufu wa neva kabla mgonjwa hajauhisi? Sehemu ya jibu imo katika fizikia ya nuru.

Kwa nini nuru iwe pana

Kipimo kiitwacho OCT, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1991, hupeleka nuru ya infraredi ndani ya jicho na kupima mwangwi wake kutoka kila tabaka la retina. Hufanana na altrasaundi, ila hutumia nuru badala ya sauti. Uwezo wake wa kutenganisha matabaka yaliyokaribiana hutegemea upana wa spektra, yaani jinsi urefu wa mawimbi yaliyomo katika nuru unavyotofautiana. Kwa nuru ya nanomita 840, spektra yenye upana wa nanomita 50 hutenganisha takriban mikroni 6 hewani. Yenye upana wa nanomita 150 hufikia takriban mikroni 2. Tabaka la nyuzi za neva kandokando ya kichwa cha neva ya jicho lina unene wa wastani wa karibu mikroni 100 tu kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa hiyo kila mikroni ina thamani.

Jinsi nuru inavyopanuliwa

Njia mojawapo ni kupitisha mipigo mifupi mno ya leza katika uzi wa kioo, ndugu wa nyuzi zinazoleta intaneti Mwanza. Mpigo hudumu kwa femtosekunde chache au makumi kadhaa. Sekunde moja ina femtosekunde milioni bilioni. Nishati ikibanwa hivyo ndani ya kiini chembamba, nuru huwa kali kiasi cha kubadili tabia ya kioo kwa kitambo: nuru iliyo kali zaidi hucheleweshwa zaidi. Kilele cha mpigo kinapochelewa, mawimbi ya mbele hutanuka na kuelekea wekundu, ya nyuma hubanwa na kuelekea ubuluu. Hivyo rangi mpya huzaliwa.

Mwaka 2000 watafiti wa Bell Labs walichapisha matokeo ya uzi wenye vitundu vya hewa kuzunguka kiini, uliopanua mno spektra hiyo. Mwaka 2001 nuru ya uzi wa aina hiyo ilitumika katika OCT na kutenganisha takriban mikroni 2 ndani ya tishu.

Maana yake kliniki

Leza hizo ni ghali, hivyo mashine nyingi za hospitali hutumia diodi zenye spektra pana. Kanuni ni ile ile. Kipimo hakina sindano, wala hakiligusi jicho.

Hata hivyo, OCT peke yake haitoshi. Mhudumu wa afya apime pia shinikizo la jicho, achunguze kichwa cha neva na upeo wa uoni. Aliyetimiza miaka 40, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua glakoma, apelekwe kuchunguzwa asingoje dalili. Nawe mgonjwa uliyeandikiwa matone, usiyaache kwa kuwa huoni nafuu: kazi yake ni kuulinda uoni uliobaki.