Kivinjari kinaposahau: tunachojifunza kwa Ibn Lahi'a

Ramadhani iliyopita nilikuwa nyumbani Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Tovuti ninayoitumia kwa nyakati za swala nilikuwa nimeiwekea digrii 18 za Alfajiri. Siku moja wakati wa daku nikaona Alfajiri imechelewa kama dakika 12 kuliko jana yake. Nikafurahi, nikamimina chai nyingine. Nashukuru mdogo wangu aliuliza. Hakuna aliyegusa kitu: mipangilio ilikuwa imefutika, na ukurasa ukarudi kimya kimya kwenye digrii 15.

Hifadhi ya kivinjari imo ndani ya simu, kwa kawaida megabaiti 5 hivi kwa kila tovuti, na haina dhamana. Simu ikijaa, kivinjari kinaweza kuifuta. Ukifunga dirisha la faragha, imeondoka. Safari, tangu Machi 2020, hufuta data hiyo baada ya siku saba za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti husika.

Tuliosoma mustalah tunamkumbuka Abdallah ibn Lahi'a, kadhi wa Misri, aliyefariki mwaka 174 Hijria. Inasimuliwa kuwa vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kumbukumbu na kuchanganya. Wahakiki wengi hawakumwita mwongo. Waliuliza: nani alimsikia kabla, kama Ibn al-Mubarak na Ibn Wahb? Yupo msimulizi mwingine wa kumuunga mkono?

Wenzetu mnaoandika programu, hifadhi hii ni msimulizi wa namna hiyo. Itumieni, lakini msimbo udake kosa pale kuandika kunapokataliwa, ukurasa usife. Jibu likirudi tupu, msidhani mtu amechagua chaguo-msingi; mwulizeni upya. Mtafutieni shahidi pia: mipangilio iandikwe ndani ya anwani ya ukurasa, mtu aiweke alamisho au ajitumie kwa WhatsApp. Hapo hahitaji akaunti wala bando kubwa (na bando kwetu ni hesabu kweli). La muhimu kuliko yote, njia ya hesabu ionekane pembeni ya saa yenyewe: "Alfajiri, digrii 18", "Alasiri, kivuli mara moja", au mara mbili kwa Hanafi. Ningeliona hilo, chai ya pili nisingeimimina.

Siku hizi nyakati za mwezi nazinakili kwenye karatasi, ipo ukutani jikoni. Mama anaiamini kuliko simu yangu.